Ufa usiozibwa

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili ni la kweli kwa nyumba ya udongo, ni la kweli kwa mtungi, na hata kwa urafiki. Lakini uko ufa mmoja usiofaa kuzibwa hata kidogo. Auonaye na kuuziba ajidanganya mwenyewe, tena awadanganya wote walioketi nyuma yake. Huo ni ufa wa mpira upitishao petroli katika motokaa kuukuu. Sisi tulijifunza jambo hilo njiani, siku tuliyokwenda arusini upande wa Mabalako. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu: akina baba wenye magari, akina mama wapandao magari ya wengine, na wanafunzi ambao kesho ndio watakaokuwa madereva na mafundi.

Gari lililokuwa nyumba

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2013. Binti wa ukoo wetu alikuwa ameposwa na kijana wa Mabalako, karibu na Mangina, katika wilaya ya Beni. Sisi wa Butembo tulitakiwa kumsindikiza. Jirani yetu mmoja, mfanya biashara ya vitenge, alitupa gari lake, naye mwenyewe akakubali kuliendesha.

Gari hilo lilikuwa Kombi ya Volkswagen, ya namna ile iliyotengenezwa kwa wasafiri. Ndani yake mlikuwa na kitanda cha kukunjua, kabati dogo, meza, na mahali pa kuwekea jiko. Mwenyewe alikwenda nalo kutoka soko hata soko, na usiku alilala humo katikati ya marobota yake, bila kulipa nyumba ya wageni. Alilipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Alilipaka rangi mpya kila mara, vioo vyake vilimetameta, na viti vyake vilikuwa na vitambaa safi.

Magari ya namna hii yana historia ndefu. Kombi za kwanza zilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na mwaka uliofuata wakaanza kuzitia vitanda na makabati. Kiwanda cha mwisho kilichoendelea kuziunda kilikuwa cha Brazil, nacho kiliacha Desemba 2013, miezi mitano tu baada ya safari yetu. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kabisa kati ya hizo sasa ina miaka zaidi ya kumi, na nyingine zimepita sabini. Bati laweza kupigwa rangi likaonekana jipya. Lakini mpira haupakwi rangi, wala hauonekani, maana umejificha chini na nyuma, gizani na kwenye joto. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia.

“Pananuka kama kwa Kadhafi”

Tuliondoka Butembo alfajiri, baridi ingalipo. Mji wa Butembo uko juu milimani, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Beni, kilomita zaidi ya 50, huteremka polepole kuelekea nchi ya joto. Tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na vikapu, sufuria na zawadi. Wazee walikaa mbele. Watoto walikaa nyuma kabisa, juu ya kitanda, mahali ambapo chini yake kuna injini; kwa maana katika Kombi injini haiko mbele, bali iko nyuma.

Tulipopita Beni na kushika njia ya Mangina, jua lilikuwa kali na vumbi jingi. Binti yetu wa miaka tisa akamwambia mama yake, “Mama, kichwa chaniuma. Hapa pananuka kama kwa Kadhafi.”

Wasomaji wa kwetu wanajua Kadhafi ni nani. Ndilo jina watu walilowapa wauzao petroli, au esansi kama tusemavyo Kongo, kwa chupa na kwa bidoni kando ya barabara. Shangazi mmoja akacheka, akasema, “Mtoto huyu hajazoea safari. Gari la zamani ni lazima linuke.” Dereva naye akajibu bila kugeuka, “Hiyo ndiyo harufu yake, mwanangu. Hata mimi nalala nayo.”

Tukaendelea. Baada ya kilomita chache mtoto akasema tena, na safari hii alitapika. Mama yake akapaza sauti, “Baba, simamisha gari, nakuomba.” Dereva akasimama kwa ajili ya heshima, si kwa ajili ya hofu. Akashuka, akazunguka nyuma, akafungua kifuniko cha injini. Akanyamaza. Tulipomfuata tukaona sababu ya kunyamaza kwake. Mpira mmoja mwembamba, uliozungushiwa kitambaa cha pamba, ulikuwa umeloa toka mwanzo hata mwisho. Tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka karibu na bomba la moshi, ambalo hatukuweza hata kulikaribisha mkono kwa joto lake. Kisha tone la pili. Kisha la tatu.

Sabuni na ushauri wa wazee

Hapo mashauri yakaanza. Saa ya arusi ilikuwa imekaribia, na kwao bwana arusi walikuwa wakitungoja. Mzee mmoja akasema, “Tieni sabuni.” Wengi wanaijua dawa hiyo: kipande cha sabuni ya kufulia hukandwa kwa vidole, hubandikwa penye tundu la tangi, na tundu hunyamaza, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni upesi. Mwingine akasema, “Funga kwa mpira wa ndani wa gurudumu, kaza kwa waya, twende. Zimebaki kilomita chache tu. Tutatengeneza tukirudi.”

Twakiri kwamba na sisi tulitamani shauri hilo. Mtu mwenye haraka huona kila kilomita ni fupi. Lakini kijana mmoja aliyepita kwa pikipiki alikwenda kutuitia fundi, naye alikuja upesi kuliko tulivyotazamia, mtu wa makamo, mwenye mfuko wa zana begani. Kabla hajasema lolote alimwomba dereva atoe ufunguo. Akafungua waya wa betri. Akawaomba watoto na akina mama wasogee mbali, upande ule upepo unakotoka. Akamtazama kijana mmoja wetu aliyekuwa na sigara mdomoni, na kijana yule akaenda kuizima mbali bila kuambiwa.

Kisha fundi akaushika ule mpira, akaukunja kidogo. Ulilia kama kijiti kikavu, na petroli ikatoka kwa wingi. Akamgeukia mzee wa sabuni, akasema kwa adabu, “Mzee, sabuni hukaa juu ya bati lisilotikisika. Huu ni mpira, nao watetemeka pamoja na injini. Mkifika kilomita moja, itakuwa imekwisha kudondoka.” Akamgeukia yule wa pili: “Na mpira wa ndani wa gurudumu, baba, umeumbwa kwa kushika upepo. Petroli huuvimbisha na kuulainisha mpaka ukawa kama uji. Na waya huukata huu wa chini. Mtakuwa mmetoboa tundu la pili ili kuziba la kwanza.”

“Basi tufanye nini?” akauliza dereva.

“Gari lilale hapa. Ninyi nendeni kwa pikipiki.”

Ndivyo tulivyofika arusini, wawili wawili juu ya pikipiki, tumejaa vumbi, tumechelewa zaidi ya saa mbili, na vikapu vingine vikafika jioni. Kwa wakwe tulipata maneno machache ya kuchoma, nasi tuliyapokea. Lakini tulifika wote kumi na mmoja.

Kwa nini mpira huzeeka

Siku ya pili tulirudi kwa fundi kuona kazi, naye alitueleza mambo ambayo yafaa kila mwenye gari ayajue.

Petroli hukaa katika tangi. Kutoka hapo hupita katika mrija wa chuma, kisha katika vipande vya mpira, huingia katika chujio na katika pampu, na mwisho hufika kwenye kabureta, ambamo huchanganywa na hewa kabla ya kuingia katika injini. Vipande vya mpira vimewekwa kwa sababu injini hutikisika na bati la gari halitikisiki vilevile. Kama chuma kingeunga vyote viwili, kingevunjika. Mpira ndio unaovumilia. Na kila avumiliaye huchoka.

Huchoka kwa njia nyingi. Joto la injini huukausha. Petroli yenyewe, ipitapo ndani mwaka baada ya mwaka, huondoa mafuta yale yanayoufanya uwe laini. Hewa na jua huupasua kwa juu. Tena gari likisimama bila kutembea miezi mingi, mpira hukauka vibaya zaidi, na gari lililolala sana ndilo la kuogopwa siku liamkapo. Katika nchi nyingi siku hizi petroli huchanganywa na pombe ya mimea. Brazil ilianza mpango mkubwa wa namna hiyo miaka ya 1970. Mpira wa zamani haukutengenezwa kwa mchanganyiko huo, nao huharibika upesi ukiukuta.

Lile vazi la kitambaa cha pamba lililozungushwa juu ya mipira ya Kombi lina hila yake. Huonekana safi na imara, kumbe chini yake mpira umekwisha kupasuka. Macho hayaoni ufa. Pua ndiyo inayoona. Ndiyo sababu mtoto alijua kabla ya dereva. Maana pua ya mtu alalaye na harufu kila siku huizoea, ikaacha kumwambia.

Na kwa nini Kombi yaogopwa kuliko magari mengine? Kwanza, injini iko nyuma, na dereva yuko mbele. Moto waweza kuwaka kitambo kabla hajauona. Pili, injini hiyo hupozwa kwa upepo wa feni, si kwa maji, na upepo huo hueneza mvuke wa petroli mahali pote penye joto na cheche. Tatu, sehemu ya mwili wa injini imetengenezwa kwa madini yaliyo na magnesi ndani yake, nayo ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji huuchochea badala ya kuuzima. Na nne, gari-nyumba lina vitambaa, magodoro na mbao, na pengine jiko. Vyote hivyo ni kuni.

Tone moja ni kitu gani?

Mtu aweza kusema, “Ni tone tu.” Basi wanafunzi na wachukue kalamu. Tuseme matone 40 ya petroli hufanya mililita moja, na tone moja huanguka kila nukta moja ya saa. Kwa saa moja ni matone 3,600, yaani mililita 90. Kwa siku moja, mchana na usiku, ni zaidi ya lita 2. Mwenye gari alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba wauza petroli humpunja kipimo. Pengine wengine walimpunja kweli, lakini mwizi mkubwa alikuwa nyuma ya kiti chake.

Hasara ya fedha ndiyo ndogo. Petroli haingoji kuwashwa ikiwa maji. Huwaka ikiwa mvuke, nayo hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Kwetu hakuna mahali pa baridi namna hiyo, hata kileleni Ruwenzori. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ukaingia chini ya kitanda, ukafika penye jiko la jirani. Hewa ikiwa na sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika mia, yatosha kuwaka kwa cheche ndogo.

Nchi zetu zimekwisha kulia kwa sababu ya petroli iliyomwagika. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, katika Kivu ya Kusini, lori la petroli lilipinduka. Watu walikuja kuchota, wengine walikuwa wamekusanyika karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto uliua watu zaidi ya 230. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya, walikufa zaidi ya 110. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro nchini Tanzania, walikufa zaidi ya 100. Hayo yalikuwa malori makubwa, kweli. Lakini petroli ya lori na petroli ya Kombi ni petroli moja, na Kombi moja iliyojaa jamaa yatosha kuufunga ukoo mzima.

Kazi iliyofanyika

Fundi alikataa kubadili ule mpira mmoja uliovuja na kuiacha mingine. Dereva alilalamika, kwa kuwa fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kununulia bidhaa, na mwezi ule alikuwa na karo ya watoto wawili. Fundi hakubishana naye. Aliitoa mipira yote, akaipanga juu ya gunia, akaikunja mmoja mmoja mbele yake. Mpira wa pili ulipasuka. Wa tatu ulipasuka. Wa nne ulikuwa laini mno, umevimba, na ndani yake ngozi ilikuwa ikibanduka vipande vyeusi, vile vile vilivyokuwa vikiziba kabureta na kumtesa dereva kila alipopanda mlima. Fundi akasema, “Hii yote ilizaliwa siku moja. Na kufa pia itakufa siku moja.” Dereva akatoa fedha, akamtuma kijana Butembo.

Haya ndiyo aliyoyafanya, nasi twayaandika kwa utaratibu ili yafae.

Kwanza, hakununua mpira wowote mweusi uliopatikana. Mpira wa maji, hata ukiwa mpya na wa kupendeza, si wa petroli. Ule wa plastiki ipitishayo nuru huwa mgumu upesi, ukapasuka au ukachomoka. Mpira wa petroli wa kweli umeandikwa ubavuni. Yale maandishi R6 au R7 ni ya magari ya kabureta, ambamo msukumo ni mdogo. Ule wa R9 hustahimili zaidi, nao wafaa hata kwa injini zinazopuliziwa petroli kwa nguvu, ambazo msukumo wake huzidi wa kabureta mara nyingi.

Pili, alipima unene. Mpira ulio mpana kuliko mrija, hata ukikazwa kwa kibanio, hujikunja na kuacha njia ya kuvujia. Mpira mwembamba mno hupasuka mdomoni. Lazima uingie kwa kusukumwa, bila kulegea wala kulazimishwa.

Tatu, alitia vibanio vyenye kingo laini, akavikaza kiasi. Kibanio kilichokazwa mno huukata mpira kama kisu.

Nne, aliutazama mrija wa chuma mahali unapopita katika tundu la bati kuingia chumba cha injini. Pale pangepaswa kuwa na kipande cha mpira cha kuulinda, nacho kilikuwa kimepotea. Bati lilikuwa limeanza kuula mrija. Akatia kipya.

Tano, chujio la petroli alilitoa katika chumba cha injini, akaliweka chini ya gari, mbali na joto. Chujio linaloning'inia juu ya injini huvuta mipira kwa uzito wake, na likivunjika humwaga petroli mahali pabaya kuliko pote.

Sita, alijaribu mrija mdogo wa shaba ulioingizwa katika kabureta na mwingine katika pampu. Katika magari makuukuu mirija hiyo hulegea ikachomoka yenyewe pamoja na mpira wake. Ule wa kabureta ulizunguka kwa vidole. Aliukaza upya kabla ya kurudisha kitu chochote.

Mwisho akawasha injini, akaiacha ingurume, akapitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Akaizima, akangoja, akapitisha tena. Kwa maana kuna mivujo ionekanayo injini ikienda tu, kwa sababu pampu husukuma. Na kuna mingine ionekanayo gari likisimama, petroli ikiteremka yenyewe kutoka tangini. Karatasi ilibaki kavu mara zote mbili.

Mahali pengine pa kutazama

Mpira si mwizi peke yake. Harufu ikija tangi likijaa tu, tazama mpira mpana wa mdomo wa kujazia, na mipira midogo ya kupumulia juu ya tangi. Mafuta ya injini yakinuka petroli, au yakizidi kipimo bila kuongezwa, huenda ngozi iliyo ndani ya pampu imepasuka, na petroli yaingia katika mafuta. Gari hilo lisiendeshwe. Kabureta ikifurika, pengine sindano yake imekwama kwa uchafu. Tangi likitoboka kwa kutu, lisichomelewe na mtu asiyejua kazi, maana tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa: ndani yake mna mvuke na hewa, vitu viwili vinavyongoja cheche moja.

Wenye magari ya mazuti nao wasijione salama. Mazuti haishiki moto upesi kama petroli, lakini mpira wake ukipasuka, mara nyingi hewa huingia kabla ya mazuti kutoka. Gari linalokataa kuwaka asubuhi, kisha likawaka kwa shida, laweza kuwa na ufa usiodondosha hata tone. Na katika injini za kisasa za mazuti, mtu asitafute mvujo kwa kidole. Msukumo wake ni mkubwa hata waweza kutoboa ngozi ya mkono na kuingiza sumu mwilini.

Moto ukiwaka

Ukiona moshi au moto nyuma, simamisha gari, zima ufunguo, toa watu wote, uwapeleke mbali. Vitu viache. Kifuniko cha injini usikifungue wazi, kwa maana hewa ikiingia ghafula moto huruka usoni. Kizima-moto cha unga kifae mwanzoni, kipulizwe kupitia nafasi ndogo. Kisipokuwapo, tupa mchanga. Maji usimwage, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kuubeba moto hata miguuni pa watu. Moto ukishika nguvu, gari limekwenda, watu wasilifuate.

Nyumbani vilevile kuna sheria chache. Mtoto asitumwe kuvuta petroli kwa mdomo kutoka tangini. Tone likiingia mapafuni laweza kuua, na aliyemeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali. Bidoni ya petroli isilale katika chumba cha watu wala karibu na jiko. Na petroli isitumiwe kunawia mikono yenye grisi, maana ndani yake mna vitu vinavyoleta saratani.

Mipira iliyotundikwa

Jirani yetu aliliendesha gari lake kurudi Butembo siku ya tatu. Alisema usiku wa kwanza hakupata usingizi vizuri, kwa kuwa ndani ya gari hamkuwa na harufu, naye alidhani kimepungua kitu.

Ile mipira mikuukuu hakuitupa. Aliitundika ukutani penye duka lake, kwenye msumari, vipande vinne vimepasuka. Kijana wa kazi akimwuliza kwa nini ameweka takataka mahali pa vitenge vizuri, humwita amkunjie kimoja, asikie kinavyolia. Na kila mwanzo wa mwezi, kabla ya kwenda soko la mbali, hufungua kifuniko cha injini, akaikunja kidogo mipira mipya kwa vidole, akanusa. Kisha humwita binti yetu aje anuse naye. “Pua yangu,” asema, “siiamini tena.”